Uzinduzi wa Nyumba ya Buti Ndefu, Lindenbruch

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Utamaduni na Maegesho ya Baiskeli. Waheshimiwa wajumbe mliofika, na ninyi mlioleta udhuru. Kamanda wa Zimamoto, ambaye ngazi zake ndizo zinazoshikilia pazia hili jekundu nyuma yangu. Mchungaji wa kanisa la jirani, ambaye ameniomba niseme kwamba yuko hapa kwa kupita tu. Ndugu wanachama wa Chama cha Ngozi na Kamba cha Lindenbruch, mliovaa rasmi kabisa katika baridi hii. Bwana Gundolf, dereva mstaafu wa tramu, ambaye leo amehudhuria akiwa mbwa, barakoa ya ngozi usoni. Na zaidi ya wote, aliyeketi benchi la mbele akiwa na kigari cha mtoto kisicho na mtoto, Bi Mkubwa Ottilie Krahl, mmiliki wa michoro, mlezi wa nidhamu wa wilaya hii kwa zaidi ya nusu karne, mwanamke aliyepigiwa magoti na wakurugenzi wa benki wakati sisi wengine tukipigiwa simu tu na benki hizo hizo: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya glavu za ngozi, mazito, kama mazulia yanayokung'utwa. Bwana Gundolf anabweka mara moja, kwa adabu.)

Mimi, Egbert Pfannkuch, diwani wenu, Mkuu wa Idara ya Utamaduni na mshindi wa pili wa tuzo ya ubunifu katika huduma za kaunta, nasimama mbele yenu asubuhi hii ya Oktoba, nikiwa mnyenyekevu kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo changu, ili kuzindua rasmi Nyumba ya Buti Ndefu, makumbusho ya kwanza mjini Berlin, na kwa mujibu wa upembuzi yakinifu tulioufanya sisi wenyewe juu yetu wenyewe, ya kwanza popote pale, yatakayohifadhi michoro ya zamani ya wanawake wenye kuamuru na wanaume wenye kufurahi kuamriwa.

(Sauti ya mwanamke, benchi la tatu: "Iko nyuma ya hilo pazia?")

Swali zuri, ndugu yangu, na jibu lake limo katika ukurasa wa tisa. Sasa tuko wa kwanza.

(Mwanamke yule, kwa jirani yake: "Nilikuambia tule soseji kwanza.")

Kabla sijazama katika kiini cha mada, nawajibika kuwataarifu wadau kuhusu makubaliano. Niliketi jikoni kwa Bi Mkubwa, mbele ya keki yake ya plamu, tukapatana kila kitu mapema, kwa sababu katika jamii hii, tofauti na katika baraza letu, hakuna mtu anayetendewa jambo asilolikubali kwanza. Nimekubali kwa hiari yangu, na kwa kuenzi mila za wenyeji, kwamba nitakapokuwa nikihutubia, Bi Mkubwa atakuwa na fimbo yake ya kutembelea. Akigonga mara moja, ninyooke. Akigonga mara mbili, nifupishe.

(Fimbo inagonga mara moja. Mheshimiwa anatoa mkono mfukoni.)

Asante. Vilevile, kama desturi inavyodai, tumeweka neno la kusimamisha. Yeyote akilitamka, shughuli yote inakoma hapo hapo. Hakuna kuuliza sababu, hakuna kucheka, mpaka aliyelitamka apewe maji na kitu cha kujifunika. Bi Mkubwa alinielekeza nichague neno ambalo halijawahi kunitoka hadharani, lisije likaponyoka kwa bahati mbaya. Nikapendekeza "nanasi". Akanikumbusha hotuba yangu ya soko la matunda. Nikapendekeza "kiboko". Akanikumbusha hotuba ya bustani ya wanyama. Mwisho akachagua yeye, na pendekezo likapita kwa kauli moja, yaani yake. Siwezi kulitamka hapa, kwani likitamkwa linafanya kazi. Bi Henrike, katibu wangu, waonyeshe kadi.

(Bi Henrike anainua kadi. Imeandikwa: NIMEKOSA. Kicheko kirefu. Hata mchungaji, anayepita tu tangu saa nzima, anajifuta macho.)

Furahini, ndugu zangu, lakini nawahakikishia kwamba katika utumishi wangu wote, pamoja na lile suala la daraja, sijawahi kulihitaji.

(Bwana Gundolf: "Daraja lenyewe liko wapi?" Mheshimiwa anageuza ukurasa.)

Sasa nizungumzie sanaa. Marehemu Ansgar Krahl, mume wa Bi Mkubwa, alikuwa mchoraji wa ramani za mifereji ya maji machafu ya mji huu. Mchana alichora mabomba. Jioni, kwa kalamu ile ile, alimchora mkewe amevaa buti zinazopanda hadi mapajani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, kila tundu la kamba lina kamba yake, na kila kamba ukiifuata kwa kidole inafika mahali. Zilikuwa enzi za kuuziana picha hizo chini ya meza, zikiwa zimefungwa karatasi ya kahawia, na mtu wa posta akiishika bahasha kwa vidole viwili kama samaki wa juzi. Leo tunaziita urithi. Bi Mkubwa, naomba mchoro mmoja, kwa faida ya wajumbe walioteuliwa kamatini bila kujua ni kamati gani.

(Bi Ottilie Krahl anafunua kitambaa cha plastiki juu ya kigari. Kigari kimejaa michoro. Anauchagua mmoja na kuushikilia kifuani, akiukinga manyunyu kwa ukingo wa kofia yake.)

Tazameni. Mwanamke ameketi kitini, mgongo wima, glavu hadi kiwikoni, macho yake yakitazama kitu kilicho mbali na cha maana kuliko sisi. Sakafuni, mwanamume wa makamo aliyevaa suti amekunja mikono ya shati. Anamfunga kamba za buti, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa shule anayejifunza kuandika. Hakuna aliye uchi. Nguo zilizomo humu ni nyingi kuliko za bibi harusi na wasimamizi wake. Na huyo mwanamume, waheshimiwa, uso wake hauna aibu wala maumivu. Ni uso wa mtu aliyepumzishwa mzigo. Tangu asubuhi amewaamuru watu, amesaini, amefukuza, amepandisha, amehutubia. Sasa kazi yake duniani ni tundu moja, kisha tundu linalofuata.

(Bwana Gundolf, akiinua barakoa yake kidogo: "Huyo alikuwa mkuu wa idara ya maji. Nilikuwa nikimpeleka kwa tramu kila Alhamisi. Kurudi alikuwa anapiga mluzi.")

(Bi Ottilie: "Kulikuwa na picha nyingi za wanawake siku hizo, Gundolf. Kwenye kalenda, kwenye makopo ya kahawa, wote wanacheka meno nje. Ansgar alinichora Jumapili zote za ndoa yetu, na hakuwahi hata mara moja kuniambia nitabasamu.")

(Mheshimiwa anavua kofia bila kugongewa.)

Nashukuru kwa mchango huo, ambao utaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ninalotaka kusisitiza, kwa mapana na marefu yake, ni kwamba idara yangu imelipokea suala hili kwa uzito stahiki, ikaunda jopo, jopo likazaa kikosi kazi, kikosi kazi kikaandaa andiko, andiko likapelekwa kwenye warsha ya kujengeana uwezo ambako washiriki walifundishwa mafundo manne ya kamba, na Naibu Mkurugenzi wa Fedha akafungwa kitini kwa ridhaa yake na akasahauliwa hadi baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, uelewa wa wananchi kuhusu buti umepanda maradufu, na malalamiko yamepungua tangu tulipofunga ofisi ya malalamiko ili kuifanyia maboresho ya—

(Fimbo mara mbili.)

Nafupisha. Tumefanya mengi.

(Makofi ya kweli, ya kwanza leo.)

Nakiri, na hili halimo kwenye karatasi, kwamba tangu nianze kugongewa fimbo mgongo wangu haujauma.

(Bi Ottilie: "Ni kwa sababu umesimama sawa, Egbert. Sasa sikiliza. Ijumaa nahamia nyumba ya wazee. Wanaruhusu picha moja ukutani, tena isiwe ya kutisha. Mpwa wangu wa Kassel amesema zilizobaki anazipeleka kwenye pipa la karatasi chakavu, pamoja na magazeti. Umeniahidi nyumba tangu goti langu lilipokuwa zima. Fungua pazia, niingize kigari changu ndani.")

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, itifaki inaelekeza kwamba pazia hufunguliwa baada ya kaulimbiu, na kaulimbiu hutanguliwa na shukrani.

(Bi Ottilie: "Basi shukuru.")

Naam. Kwanza, natoa shukrani za dhati kwa msanifu wa jengo, ambaye angekuwa hapa nasi leo, kama angeteuliwa. Nawashukuru mafundi waashi, kwa uvumilivu wao mkubwa wa kuendelea kusubiri kuitwa, wengine hadi wakastaafu. Namshukuru muuza vigae, ambaye sampuli yake nzuri ya rangi ya damu ya mzee tunaitumia ofisini kuwekea vikombe. Naishukuru Kamati ya Ardhi kwa kututafutia kiwanja, na naamini wataendelea kutafuta. Nawashukuru ninyi wananchi, ambao mmehudhuria uzinduzi wa nyumba hii kwa mara ya nne sasa—

(Fimbo mara moja. Mheshimiwa ananyooka.)

—na ambao—

(Fimbo mara mbili.)

(Bi Ottilie, bila kupandisha sauti: "Egbert. Nyuma ya pazia kuna nini?")

Kuna… Waheshimiwa, tukilitazama suala la "nyuma" katika muktadha mpana…

(Hakuna fimbo. Bi Ottilie ameuweka ule mchoro mapajani na anamtazama tu. Manyunyu yamekuwa mvua, na Bi Henrike anakivuta kitambaa cha plastiki juu ya kigari, anakichomeka pembe zote nne. Mheshimiwa anaangalia kile kitambaa. Ukurasa wa tisa uko mkononi mwake. Kutoka benchi la mbele unaonekana ni mweupe.)

Nimekosa.

(Kila kitu kinakoma. Hakuna anayecheka. Mjumbe mmoja wa kamati anafungua kinywa kuuliza, na mwanamke wa benchi la tatu anamwekea kidole mdomoni. Bwana Gundolf anavua barakoa, anavua koti lake la ngozi, analiweka mabegani mwa Mheshimiwa na kulifunga kifungo cha juu. Mtu analeta maji. Mtu mwingine anamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Kamanda wa Zimamoto, ambaye hajui desturi lakini anaijua kazi, anamsogezea kiti. Katika kusogeza kiti, ngazi inateleza na pazia linaanguka. Nyuma yake kuna ukuta wa karakana ya malori ya taka, na bango: USIEGESHE HAPA. Bado hakuna anayecheka, ingawa mchungaji imembidi ageuke.)

(Bi Ottilie: "Umepata joto?")

Ndiyo, Bi Mkubwa.

(Bi Ottilie: "Chai ina sukari?")

Ndiyo, Bi Mkubwa. Nilikuwa naogopa. Mara ya kwanza nilidhani kiwanja kipo. Mara ya pili nilijua hakipo, lakini watu walipiga makofi sana.

(Bi Ottilie: "Hakuna aliyekuuliza sababu. Kunywa. Neno likishatamkwa, masharti ya zamani yanakufa, tunapatana upya. Ofisini kwako pana kuta ngapi?")

Nne. Moja ina dirisha, na nyingine ina picha yangu.

(Bi Ottilie: "Hiyo itashuka. Zilizobaki hazitoshi. Penye kuta ndefu ni wapi?")

Kwenye ukumbi wa kufungia ndoa, Bi Mkubwa. Ni mrefu, una taa nzuri, na hauna kitu ukutani ila saa. Lakini ndoa hufungwa humo kila Jumamosi, wazazi wanakuja, na mashangazi.

(Bi Ottilie: "Vizuri. Wafundishwe mapema kukubaliana kabla ya kufungana. Unakubali michoro itundikwe humo, au hukubali? Na useme kwa hiari yako, sitaki ndiyo ya woga.")

(Mheshimiwa anafikiri. Ni mara ya kwanza leo anaonekana akifikiri kabla ya kusema, na watu wanamsubiri.)

Nakubali. Lakini ule wa mkuu wa idara ya maji naomba ukae ofisini kwangu, mbele ya meza, mahali ambapo nitauona.

(Bi Ottilie anautazama mchoro ulio mapajani mwake, muda kidogo. Kisha anampa. Bwana Gundolf anashika mpini wa kigari na kukigeuza kuelekea ofisi za wilaya. Mabenchi yanaanza kukunjwa.)

Bi Mkubwa, hotuba haijafungwa. Bado kaulimbiu, salamu za mwisho, na dua. Naomba ruhusa nihitimishe.

(Bi Ottilie, akisimama kwa fimbo: "Sentensi moja.")

Waheshimiwa, nyumba haikuwahi kujengwa. Asanteni, na nyundo nitaishika mimi.

(Fimbo haikugongwa.)