Mashine ya Kila Kitu na Wimbo wa Kumwingiza Bibi Harusi

Jumapili, tarehe 3 Mei

Niwie radhi, shajara. Mara ya mwisho nilikuahidi kuandika kila siku, kisha nikanyamaza mwaka mzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa ninastaafu, na kustaafu kuna shughuli nyingi kuliko kufundisha.

Leo ipo habari. Mjukuu wangu wa kwanza anaolewa Jumamosi. Alikuja mchana, akakalia mkono wa kiti changu kama alivyozoea, akanitania kwamba mume wake wa kwanza ni mimi, ila kwa kuwa nimezeeka bila kumjengea nyumba, inambidi aende kwa mwingine. Bibi yake akapaza sauti kutoka jikoni kwamba mke mwenza aende salama, lakini mzee huyu tungegawana, si kuachiwa mzigo wote. Wakacheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Labda kidogo.

Kisha akaniomba jambo. Anataka aingie ukumbini kwa wimbo wangu, ule niliomtungia akiwa mchanga, nilipombeba begani akikataa kulala. Akatoa simu. Akasema, "Babu, imba tu hapa hapa, nirekodi, yaishe."

Yaishe! Wimbo wa harusi, ndani ya simu, huku sufuria zinagongana! Nikamweleza kwamba mimi sifanyi kazi nusu nusu. Utakuwa na ngoma, filimbi na besi, vyote vya kisasa, vya umeme, na mtengenezaji ni mimi. Akanitazama. Akasema haya, lakini fundi mitambo wa ukumbini anautaka ifikapo Ijumaa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa hapo akinywa chai yangu. Tangu astaafu forodhani anajiita Maestro, kwa sababu anamiliki kinanda chenye vibonyezo kadhaa visivyolia. Akasema nikikwama, yeye yupo. Hakuulizwa.

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Duka la vyombo vya muziki. Muuzaji ni binti mwenye hedifoni shingoni na subira ndogo. Amenieleza kwamba njia ni mbili. Ipo programu ya kompyuta, ambayo ndani yake mna ngoma, vinanda, kurekodi na kuchanganya sauti. Na kipo kisanduku chenye vitufe, nacho hufanya hayo yote bila kompyuta. Nikauliza ipi ni sahihi. Akasema inategemea mtu. Jibu gani hilo? Katika miaka yangu yote ya kusahihisha mitihani sijapata kumpa mtu alama kwa "inategemea".

Akanisihi, "Mzee wangu, we bonyeza tu usikie." Sibonyezi kitu ambacho sijakisomea.

Nikavitungia mtihani. Utii, sauti, uimara, unadhifu. Binti alijibu kwa niaba ya watahiniwa wote wawili, huku wateja wengine wakipanga foleni na kukohoa. Matokeo: sare! Akauliza kama ninanunua. Nikamjulisha kwamba matokeo yatatangazwa.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimenunua kisanduku. Sababu: Shemeji ameisifu programu.

Nyumbani nikakifungua mbele ya mke wangu kwa heshima zote. Kimya. Hakina spika! Mashine yenye kila kitu isipokuwa sauti. Nilimpigia binti wa duka, akasema ndiyo maana ziko hedifoni. Ningelijulia wapi? Nikarudi kuzinunua.

Nikaanza kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kwanza, kama inavyopasa. Mke wangu akauliza kwa nini nisibonyeze kile kitufe chekundu kilichoandikwa "rekodi". Nikamjibu kwamba tutakifikia. Kiko sura ya tisa. Kitabu chenyewe kimepangwa ovyo, nami ninakisahihisha kwa kalamu nyekundu ninavyokwenda, kwa hiyo hadi jioni nilikuwa sura ya pili.

Shemeji amepita dirishani akipiga mluzi wimbo wangu. Kwa makusudi. Na kaukosea.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Balaa. Mke wangu, alipokuwa akifuta vumbi, alikwisha kuvaa hedifoni na kubonyeza vitufe. Nilimkuta anatikisa mabega. Anasema kitu kinapiga "du, du, cha" na ni kitamu kweli. Nikamkataza. Akasema nisimfanye mwanafunzi ndani ya nyumba yake. Asubuhi nzima nikatafuta namna ya kuifuta hiyo "du, du, cha", kwa maana singeweza kuanza kazi juu ya uchafu wa mtu mwingine. Sikuweza.

Nikaona wazi kwamba chaguo lilikuwa baya. Nimekirudisha kisanduku, nikabadilishana na programu. Binti wa duka alishusha pumzi kwa nguvu. Malezi!

Kompyuta ya nyumbani ilipoipokea programu ilitangaza kwamba lazima ijisasishe kwanza. Imejisasisha mchana kutwa. Shemeji akaja, akavuta kiti, akaitazama pamoja nami kama watu wanaosubiri maharage yaive. Akauliza, "Shemeji, wimbo si unao mdomoni? Sasa hili dude linatafuta nini?" Nikamwambia mtu wa forodha hujua kufungua mizigo tu, si kuitengeneza. Akaomba chai nyingine.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Programu imefunguka! Mna ngoma mamia kwa mamia. Huwezi kuchagua kwa haki bila kuzisikiliza zote. Nimezisikiliza tangu chai ya asubuhi. Zote zinasema "du".

Mjukuu amepiga simu. Nikamwambia tumefika pazuri. Akasema amembembeleza fundi mitambo asubiri hadi yeye mwenyewe afike mlangoni kesho. Akaongeza kwamba hata nikisimama nikaimba bila chombo, yeye anatosheka. Maskini, hajui ubora ni nini.

Nilipokata simu, kompyuta ikaganda.

Nimekwenda kukichukua tena kisanduku. Binti wa duka aliziinua tu hedifoni kutoka shingoni akaziba masikio.

Mpango: nitarekodi ukumbini kabla ya sherehe.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Fundi mitambo, mtu mnene aliyejizungushia nyaya mwilini, aliuliza wimbo uko wapi. Nikamjibu unakaribia kuwepo. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

Waya wa kisanduku haukufika kwenye soketi. Ilibidi niingie chini ya meza na suti yangu. Nikiwa huko nikasikia mshereheshaji akitangaza kwamba bibi harusi yuko mlangoni. Nikapaza sauti kwamba asubiri. Wageni wakaanza kunong'ona. Shemeji akakirukia kinanda chake, alichokuja nacho bila kuombwa. Wimbo ukatoka mapengo mapengo kama kinywa cha mtoto, akaacha. Hapo, nakiri, nilipata faraja.

Kisha sauti ya mke wangu, peke yake, ikaanza wimbo wangu. Wanawake wakaudaka, makofi, vigelegele. Nikaona pindo la gauni jeupe likipita kando ya kitambaa cha meza. Likasimama hapo kitambo. Likaendelea.

Plagi ikaingia! Taa za kisanduku zikawaka zote, kijani na nyekundu. Nilipotoka, bibi harusi alikuwa amekwisha kuketi.

Baadaye akanijia. "Babu, ulikuwa wapi? Nimekutafuta ukumbi mzima." Nikamwambia nilikuwa kazini. Akainama na gauni lake lote, akanipangusa vumbi magotini.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa liko dhahiri: kisanduku kinategemea soketi. Vipo vya betri. Tena nasikia ipo programu ya tableti, ambayo ni jambo la tatu kabisa na linahitaji mtihani wake.

Mke wangu aliimba vizuri, ila aliharakisha ubeti wa pili. Nimemwambia. Chai ya asubuhi bado sijaiona.

Mjukuu amekuja kuaga na mumewe. Wanahamia mbali leo. Alisema bibi yake aliimba beti mbili tu, maana ubeti wa tatu naujua mimi peke yangu, na yeye mwenyewe, mjukuu, ameusahau. Akaniomba nimwimbie kabla hajaondoka. Akapiga magoti kando ya kiti, akangoja.

Nikamwambia asiwe na haraka. Ubeti mtupu, bila ngoma wala besi, ni aibu kusafiri nao. Nitamtumia ukiwa kamili. Gari likapiga honi. Akasema, "Haya, babu," akanishika mkono kwa muda mrefu, akaenda.

Kesho nakwenda dukani. Sitaandika tena, shajara, mpaka nimeamua: betri au tableti. Nikiamua tu, wewe utakuwa wa kwanza kujua.