Ubongo wa Kale Kwenye Kioo Changu

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa kompyuta amestaafu. Kiti kiko wazi! Mkuu wa ofisi atachagua mrithi Ijumaa. Tuko wawili: mimi, karani wa masjala, na Katibu Muhtasi. Yeye anazijua kompyuta. Mimi najua kuonekana nazijua.

Nimepata programu. Ukiiacha kompyuta bila kuigusa, kioo kinaonyesha tumbo la prosesa ya zamani, ubongo wa kompyuta za enzi za baba, ikifanya kazi kwelikweli. Maelfu ya nyuzi zinawaka nyekundu, zinazimika. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Nilijiona naelea juu ya mji nisioujua.

Jumanne, 4 Machi
Mipangilio. Programu ikauliza kasi. Nikaweka ya juu kabisa. Mtu mzima haombi nusu. Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikagoma kufungua hata barua. Bibi mmoja alikuwa akisubiri cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Akauliza kama mtoto atakipata kabla hajaoa. Katibu Muhtasi akanishauri kwa upole nipunguze kasi. Nikamjibu kwamba lilikuwa jaribio. Alipotoka, nikapunguza.

Jumatano, 5 Machi
Nimeishusha mno. Ajabu! Uzi mmoja unawaka, unafikiri, unamwachia jirani. Tangu asubuhi inajumlisha mbili na mbili. Haina haraka.

Mama mkwe aliniletea chakula nilichokisahau, akaketi kidogo. Akasema, taratibu kama anayeota, kwamba inafanana na vitambaa alivyokuwa akidarizi usichanani. Hakuondoka mpaka tunafunga. Kwenye dirisha la wateja nako kimya. Foleni haisogei, macho yote kiooni, halalamiki mtu. Sijawahi kuhudumia watu vizuri hivi!

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu alikuja saa nne. Nikamwambia mchoro wote ni kazi ya mikono yangu. Akainama, akatazama. Akauliza ni wapi panapojumlisha. Nikanyoosha kidole bila kusita.

Katibu Muhtasi akasema, "Samahani mkuu, hapo ni saa yake tu, inayoipigia mwendo. Panapojumlisha ni huku chini."

Na kweli, huku chini pakawaka, uzi kwa uzi, kama watu wanaoamshana. Kwa uzuri ule nikasahau hata kuona aibu. Ilinijia baadaye, Mkuu alipompa mwenzangu kiti. Na mimi nyumbani nilikwisha kujitangaza msimamizi!

Jumatatu, 10 Machi
Barua ya Mkuu. Kompyuta yangu ihamie chumba cha kusubiri, iwatulize wateja. Nami niifuate, niangalie isizimwe. Kumbe waliona kile cheo kingenibana! Nimepewa chumba kizima, viti kumi na viwili, dirisha kubwa. Katibu Muhtasi ana meza tu, masikini. Kibodi wameichomoa wakaondoka nayo. Heshima hiyo: mtu wa ngazi yangu hachapi mwenyewe.