Kimya! Mtaalamu Yuko Hewani

Baba mdogo wangu anaweza kuzungumza na mtu aliye upande wa pili wa dunia, lakini mama mdogo, mke wake, akimwita kutoka jikoni, hasikii!

Huyo ndiye Bwana Masafa. Jina hilo alijipa mwenyewe, na alipoona mtaa unachelewa kulizoea, akalipaka rangi kwenye geti. Kwa kazi, anauza misumari na makufuli kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa maringo, ni waziri wa anga! Leseni yake ya redio ameitia kwenye fremu, akaitundika juu ya picha ya harusi.

Chumba chake cha redio zamani kilikuwa stoo ya ndoo na mafagio. Sasa kina meza, redio, betri ya gari, na kiti cha kuzunguka ambacho kiligoma kuzunguka miaka miwili iliyopita. Juu ya paa umepita waya mrefu mwembamba, kutoka kwenye bomba la chuma lililosimamishwa kwetu hadi kwenye tangi la maji la jirani. Usithubutu kuuita waya mbele yake.

"Waya ni wa kuanikia nguo!" atakuambia. "Ile ni antena!"

Na mwezi huu akaongeza kibao. Cha plastiki, kina taa nyekundu, kiko juu ya mlango: KIMYA! MTAALAMU YUKO HEWANI. Kinakula umeme wa betri ileile ya redio, kupitia kidude cheusi cha bei ya kutupa, ili hata umeme wa nyumba ukikatika, watu wajue kwamba mtaalamu hajakatika. Hashiki maiki kabla kibao hakijawaka. Afadhali asahau suruali!

Sasa mjomba wangu, yaani kaka yake mama mdogo, anafanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa huko mlimani, mahali ambapo simu ni ya kuangalia saa tu. Naye ana redio. Kila Jumamosi saa kumi alasiri walikuwa wakizungumza, na mama mdogo anaacha cherehani yake aje kusikia kaka yake anaumwa nini na amekula nini.

Ghafla, wiki tatu zilizopita, redio ikaanza kukwaruza. Kraaaa! Kama changarawe zinamwagwa juu ya bati. Mjomba akazama humo, asionekane hata ukucha. Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, babu, baba yao mjomba na mama mdogo, akapiga simu.

"Mwanangu yu mzima?" aliuliza.

Baba mdogo angeweza kusema "sijui, Mzee." Maneno mawili tu! Badala yake akajaza kifua upepo. "Mzee wangu, njoo Jumamosi. Utamsikia kama umempakata!"

"Nisipomsikia," babu akasema, "huo waya nauteremsha mimi mwenyewe. Sikumpa binti yangu mtu wa kucheza na waya."

Babu hatanii. Ana koleo lake.

Jumapili baba mdogo akatangaza kwamba antena iko chini mno. Akapanda paa na bomba la pili begani. Akaiinua. Akasimama, akashika kiuno, akautazama mtaa kama mfalme anayetazama shamba lake. Kisha akateremka kwa njia ya mkato, akatua kwenye beseni la nguo nilizoloweka. Kraaaa! Hiyo ilikuwa redio, si kiuno.

Jumatatu akasema antena ni fupi. Akaunga waya mwingine wa dukani. Kraaaa!

Jumanne akapata jibu. "Kebo inayoshuka kutoka kwenye antena inapitia dirishani kama mwizi," alisema. "Mawimbi ni wageni. Wageni wapitie mlangoni!" Akaihamisha, akaipitisha juu ya mlango, ikakibana kibao mgongoni. Kelele ikapanda mara mbili.

"Mnasikia?" akashangilia. "Imepata nguvu!"

"Nguvu ya nini?" mama mdogo akauliza.

"Mambo ya kitaalamu, mke wangu. Shona."

"Hata redio yangu ya jikoni siku hizi inakwaruza kila ukiingia humo ndani."

"Redio ya jikoni!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo si ya kusikilizia bei ya vitunguu?"

Alhamisi akageukia umeme. Akazima jokofu. Akazima taa. Akachomoa chaja za watu. Mama mdogo alikuwa na sare thelathini za shule za kumaliza. Akamzimia cherehani sindano ikiwa katikati ya kola! Mwishowe akashusha swichi kuu, nyumba nzima ikafa. Akarudi kwenye redio yake ya betri, akawasha kibao kama kawaida, akatega sikio.

Kraaaa!

"Basi si nyumba hii!" akasema, akatoka mbio kwenda kwa jirani anayechomelea mageti.

"Wewe ndiye unayenichafulia anga!"

Jirani akavua miwani yake myeusi. "Mimi nachomelea geti, kaka. Anga sijawahi kuigusa."

"Zima!"

Jirani muungwana akazima. Baba mdogo akakimbia ndani, akasikiliza, akarudi shingo imelegea.

"Vipi, imeacha?"

"Haijaacha. Basi ni jua. Jua lina madoa, na madoa yale yanavuruga mawimbi."

"Haya," jirani akasema, akivaa miwani. "Nenda kalizime."

Siku hiyohiyo ndipo mtaalamu wetu alipofanya ugunduzi. Akibonya kitufe cha maiki, kraaaa inanyamaza! Akiachia, inarudi. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alishukuru. Tangu hapo akawa anakaa amebonya kitufe, ili apumzishe masikio, na kwa kuwa hawezi kukaa kimya hata usingizini, akawa anahutubia ukuta.

Mimi nilikuwa kwenye korido natia vifungo kwenye sare. Nilisikia hotuba yote.

"Huyu Mzee ananitisha na koleo! Anajua nini? Kichwa chake ni betri iliyokufa. Uichaji wiki nzima, haiwashi hata taa ya kuku! Akija Jumamosi nitamkalisha hapa, nimbonyezee vitufe viwili vitatu, nimwambie mwanao anasalimia. Atajuaje?"

Nikajichoma kidole kwa sindano. Sikusema kitu. Kibao kilisema kimya.

Jumamosi babu akaja, amevaa koti lake la kuendea hospitali. Akakalishwa kwenye kile kiti kigumu, akaweka fimbo magotini. Kibao kikawashwa. Mtaalamu akakohoa.

"Mlimani, mlimani! Hapa Masafa, nakuita! Ova!"

Kraaaa!

"Mlimani, mlimani!"

Kraaaa!

"Unasikia hapo, Mzee?" Baba mdogo alikuwa anatiririka jasho. "Hapo katikati, amesema anakusalimia."

Babu akainamisha kichwa karibu na redio. "Ile si sauti ya mtu," alisema polepole. "Niambie ukweli, mkwe. Mwanangu yu mzima?"

Baba mdogo akageuka, akaanza kuifuta redio vumbi.

Ndipo mama mdogo akatokea mwisho wa korido. Amekumbatia redio yake ya jikoni kama mtoto, inakwaruza.

"Ilikuwa inaimba vizuri," alisema, "mpaka hicho kibao kilipowaka."

"Mke wangu, si sasa! Tuko hewani!"

Hakumjibu. Alikuja hatua moja, redio ikafanya krrr. Hatua ya pili, kraaa. Akairudisha nyuma, ikatulia. Akaisogeza mbele tena, akaiinua mpaka chini ya kibao, KRAAAAAA! Mpaka babu akaziba masikio.

"Mke wangu, kitaalamu, kibao hakiwezi..."

Mama mdogo akashika waya wa kibao, akauvuta kama anayekata uzi. Taa nyekundu ikazimika.

Kimya! Kimya kama shuleni mkaguzi akiingia. Na ndani ya kimya hicho, sauti safi, imekaa kama mtu yuko mezani:

"...narudia kwa mara ya mia, nawasikia vizuri! Ninyi ndio hamnisikii! Ova!"

Babu akanyakua maiki. Baba mdogo akambonyezea kitufe.

"Mwanangu!"

"Shikamoo baba!"

"Marahaba! U mzima?"

"Mzima kabisa, baba! Wiki tatu nawajibu, hamsikii."

Mama mdogo alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa kipande cha sare. Babu naye akatabasamu, akataka kujua zaidi. "Kwani sisi ulikuwa unatusikia?"

"Kila neno! Redio hapa iko wazi kutwa, kazi zenyewe ni kupima mvua. Shemeji akibonya kitufe, kituo kizima tunaacha chai. Wenzangu wamempa jina, wanamwita Mhubiri. Alhamisi ndiyo alitumaliza, alipohubiri ile ya betri."

Baba mdogo akaruka. "Mawimbi yanafifia, Mzee! Ova! Ova!"

"Hayafifii," babu akasema. "Mwanangu, betri gani?"

"Betri iliyokufa, baba. Ile isiyowasha hata taa ya kuku. Alisema ni kichwa cha... Baba, kwani hukuambiwa?"

Kile kiti kilichogoma kuzunguka miaka miwili, siku hiyo kilizunguka! Taratibu, kwa mlio mrefu, mpaka babu akamkabili mkwe wake uso kwa uso.

Antena babu hakuiteremsha. Alisema haina kosa, ilifanya kazi yake vizuri kuliko mwenyewe. Aliomba msumeno tu. Akakikata kibao katikati, MTAALAMU YUKO HEWANI akaitupa kwenye ndoo, na kile kipande kilichobaki akakigongomea ndani ya chumba, mbele ya kiti, usawa wa macho ya anayeshika maiki.

Msumari aliutoa baba mdogo mwenyewe. Kutoka dukani kwake, wa inchi nne, ule usiong'oka.