Alama Moja tu kwa Bi Roswitha

Ibra, Mei 1999

Waheshimiwa Waamuzi wa Mashindano ya Nyimbo, huko Ulaya,

Assalaam alaikum, na poleni na kazi ya kuhukumu watu.

Mimi ni Suud bin Khattab, mtumishi wa serikali huku Uarabuni, mzaliwa wa Unguja. Naandika kwa uchungu juu ya Bi Roswitha, yule mwimbaji wa Kijerumani, ambaye nyumba yetu inamfuata kwa dishi tangu alipoanza kushindana.

1. Mara ya kwanza mlimweka wa mwisho. Tukasema, mgeni huyo. Mara ya pili alikuja na nchi nyingine na nywele nyingine, mkamweka wa mwisho. Safari hii hamkumpa hata alama moja. Hata mtoto akikosea chuoni huambiwa kajitahidi.

2. Mke wangu Ghaniya kalelewa katika taarabu. Kwake yeye wimbo hauimbwi bure, una mtu wake anayesemwa. Bi Roswitha alipofika kwenye kiitikio na kunyoosha kidole, Ghaniya aliinuka kwa madaha, akaenda kumtunza noti juu ya televisheni, macho kayakaza kwa jirani yetu Badriya. Kijerumani hakijui. Badriya naye hakijui, lakini alielewa kila neno.

3. Badriya ndiye mamake Hud, mchumba wa binti yetu Maram. Kaondoka na posa yake. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamweleza kwa adabu kwamba wimbo ule hauna maana yoyote. Alikwisha kulainika, ndipo mkatangaza matokeo. Sasa anasema Wazungu wenyewe wameona haya kwa matusi yale. Sifuri yenu ndiyo shahidi wake.

4. Maram hali chakula, wala hasemi na mamake. Wali wote naletewa mimi, na nguo hazinitoshi tena.

Basi naomba alama moja, hata ya huruma, pamoja na barua yenye muhuri kwamba wimbo haumhusu mkaazi yeyote wa Ibra. Mkishindwa, rudieni mashindano yote tangu nchi ya kwanza. Sisi tutakesha.

Nisalimieni wapiga ala, mafundi wa taa, na Bi Roswitha mwenyewe.

Wenu, katika kungojea haki,
Suud bin Khattab

Baada ya sahihi: Badriya katoka hapa sasa hivi. Posa inarudi, kwa sharti moja: wimbo uleule upigwe harusini, na atakayeinuka kutunza awe yeye, mbele ya mke wangu. Kwa hiyo ile barua msiilete. Wimbo una mtu wake.