Pazia la Chumba cha Wageni

Alhamisi, 6 Agosti

Safari ya baiskeli ni Jumapili. Kilomita mia mbili, kwenda bwawani na kurudi, na lango la uwanja hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwaka jana nilikuta limefungwa. Mlinzi akanipa pole na kiti. Mke wangu ametoa hukumu: nikichelewa tena, baiskeli anapewa mkwe wetu. Mwalimu mstaafu wa jiografia, kunyang'anywa baiskeli kama mtoto! Jioni mkwe alikuja kutusalimu. Alipoondoka nikakuta kiti cha baiskeli kimepandishwa. Ana miguu mirefu na subira fupi.

Ijumaa, 7 Agosti

Dawa nimeipata! Jambo lenyewe ni jepesi. Asubuhi upepo huvuma kuelekea bwawani. Mchana, ardhi ikishapata joto, hugeuka. Basi utanisukuma kwenda, utanisukuma kurudi. Kinachotakiwa ni tanga. Pazia la chumba cha wageni ni pana, na wageni hatuna. Nimelishona kwenye koti la mvua, toka mkono hadi mkono, mlango nimeutia komeo.

Jumamosi, 8 Agosti

Shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, daktari wa meno, naye yumo safarini. Amekuja kunishauri. Penye upepo watu hujipanga mstari: wa mbele hukata upepo, akichoka anarudi nyuma, mwingine anashika zamu. Akanikaribisha kundini mwake. Nikamweleza kwa upole kwamba zamu ni za wasio na akiba kichwani. Akanitazama kama jino linalongoja kung'olewa. Haya shemeji, akasema, ila asiyekata upepo hakatiwi.

Mke wangu akauliza toka jikoni pazia limekwenda wapi. Nikasema limekwenda kufuliwa.

Jumapili, 9 Agosti

Kwenda: utukufu! Pazia lilijaa, nikapita makundi. Nikampungia shemeji mkono, nusura niingie mtaroni. Bwawani nilifika pamoja na vijana. Nikakaa kungoja upepo ugeuke.

Haukugeuka. Vijana wakaondoka. Kundi la shemeji lilipotokea nikaona haya, nikaondoka pia. Mama yangu! Upepo usoni kama mlango wa chuma, na pazia linanivuta nyuma. Nilipitwa na mama mwenye ndoo kichwani. Nilivue? Na upepo ungegeuka dakika ileile, je?

Kundi likanifikia. Nikaomba nafasi. Mwoka mikate wa mtaani kwetu, aliyekuwa mkiani, akauliza bila kugeuka: "Zamu yako ulishika wapi, mwalimu?" Nikaachwa. Haki yao.

Kisha shemeji akaliacha kundi. Kati ya wanawake wa safari nzima ndiye aliyekuwa akiongoza, na alijua. Akapunguza mwendo mpaka nilipo, akaniamuru nivue lile guo nikae nyuma ya gurudumu lake. Akainama. Jamani, mwanamke yule! Mgongo hautikisiki, miguu kama cherehani, upepo wote unapasukia mabegani mwake, nami nyuma nimetulia kama niko sebuleni. Nikaona ndio wakati wa kumfafanulia mgandamizo wa hewa. Akasema kutwa kazi yake ni kuwaomba watu wafungue midomo. Mimi peke yangu ndiye wa kuombwa niufunge.

Nikaomba zamu. Akanipa. Kabla ya kona ya kwanza akanirudisha nyuma, bila hata kunicheka.

Mlinzi alikuwa ameshalishika lango. Shemeji akaniwekea mkono mgongoni, akanisukuma ndani kwanza, akafuata yeye. Wa mwisho wawili! Ushindi wake ameuacha njiani, na alichoniuliza ni kama magoti yananiuma. Nimefundisha watu maisha yangu yote, moyo kama ule sijauona.

Jumatatu, 10 Agosti

Baiskeli imebaki. Mkwe amekuja kunipongeza, uso umemshuka. Mke wangu ameliona pazia. Ameniambia tutazungumza nikishakula, na chakula hakijapikwa.

Nimesimama dirishani, lile lisilo na pazia. Upepo umegeuka! Unavuma vilevile nilivyosema. Kumbe hesabu yangu haikuwa na kosa, upepo ndio uliochelewa siku moja. Nikampigia shemeji simu papo hapo kumweleza. Alikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi, lakini alinisikiliza hadi mwisho, Mungu ambariki. Wema kama huo haulipwi kwa maneno. Nimemwambia mwakani asijisumbue na mambo ya zamu.

Pazia la sebuleni nimelipima. Linatutosha wawili.