Kikombe Kilichoumuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimenaswa.

Miezi yote hii nimekwepa vizuri. Kila daktari akisema mume naye aje, mimi nina unga wa kupokea, au tanuri limegoma, au mjomba amefariki. (Mjomba huyo amefariki mara tatu. Apumzike sasa.) Leo mke wangu alinishika mkono kuanzia mlangoni mwa duka langu la mikate mpaka kwenye kiti cha daktari. Hakuniachia hata nilipotaka kufunga kamba ya kiatu.

Daktari ni mama mpole, anaongea polepole kama anayemnyoa mtu. Alisema vipimo vya mke wangu vimekamilika. Damu, safi. Kizazi, safi. Mirija imepitishwa dawa na kupigwa picha, safi. Nikampongeza mke wangu, nikasimama kuondoka. Daktari akasema sasa ni zamu ya baba. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo baba.

Nimepewa kikombe cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Nilete mbegu zangu Ijumaa asubuhi, na mpaka hapo nisimguse mke wangu. Nikauliza kama kikombe kinatakiwa kijae. Daktari akasema, “Hapana, baba. Si maziwa.”

Usingizi hauji, namfikiria mama yangu. Miaka minne sasa anasema kasoro iko kwa mkwewe. Sijawahi kumwambia ndiyo. Sijawahi kumwambia hapana pia. Mimi ni mtu wa amani.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza! Ni mwepesi mpaka naona aibu kwamba sikuufikiria mapema.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana watoto watano. Kila sherehe huwapanga mbele yangu kwa urefu, kisha ananitazama. Basi, mwenye nacho ampe asiye nacho. Nilimfuata gereji kwake nikazungusha maneno kidogo. Nikasema kuna kitu anacho kwa wingi, mimi nakihitaji mara moja tu, kiasi cha kijiko. Akaniletea grisi.

Ikabidi nifafanue. Alicheka mpaka akashikilia tairi. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nakumbuka yeye ni nani kwa mke wangu. Nikasema ni kwa ajili ya hadubini tu, si kwa matumizi. Akanifukuza na spana mkononi.

Ameahidi hatamwambia mtu. Nilipofika kona nilimsikia akianza kucheka upya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Na nimepata kazini, mikono ikiwa kwenye unga.

Hamira iliyolala haifai kitu. Unaimwagia maji ya vuguvugu, unaipa sukari, unasubiri. Inaamka. Inapanda. Inataka kutoka bakulini! Sasa kama mbegu zangu zimelala tu, shida iko wapi? Wasomi wanahangaika na mashine, jibu liko kwa mwokaji.

Maji ya vuguvugu, sukari kidogo. Na ili zipate mfano wa kuiga, hamira yenyewe, kidogo sana.

Mke wangu aliniuliza kwa nini naucheka unga. Nikasema nina matumaini. Akanishika shavu. Macho yake yalijaa machozi, maskini. Nikaongeza sukari akilini.

Ijumaa, 7 Machi

Sampuli ilifika. Hayo mengine nayaandika kwa shida.

Tuliambiwa kikombe kisipate baridi, kibebwe karibu na mwili. Nikakibana kwapani chini ya koti. Njia nzima nilitembea kama mtu aliyevunjika bega. Nikiwa kwenye foleni nikasikia kitu kinasukuma mbavu.

Dirisha la maabara likafunguliwa. Nani yuko pale? Yule mama anayenunua mkate mmoja wa ngano nzima kwangu kila asubuhi! Uso kwa uso. Yeye na glavu, mimi na kwapa langu. Akaniamkia kwa heshima, akauliza imetoka saa ngapi. Mdomo wangu umezoea wateja, ukajibu wenyewe:

“Ni ya leo, mama. Bado ya moto.”

Alikipokea. Kifuniko kilikuwa kimevimba kama shavu la mtoto mwenye jino. Akakifungua kidogo, kikatoa mlio. Akauliza mbona ina povu. Nikasema sisi kwetu ndivyo tulivyo, nikaondoka haraka.

Jumapili, 9 Machi

Mama alikuja baada ya chakula cha mchana. Alikataa kukaa sebuleni, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mke wangu. Alimwambia umri haumngoji mtu. Alimwambia wanawake wenzake wana watoto wa kuwatuma dukani. Alimwambia mwanawe ni mvumilivu sana, mwingine angeshatafuta pa kupumzikia.

Mimi nilikuwa sebuleni na gazeti. Mke wangu alikuwa anasuuza sufuria ambayo ilishakuwa safi. Akainua kichwa, akanitazama kupitia mlango. Alitazama kwa muda mrefu.

Nikasema naona kama mvua itanyesha.

Haikunyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Aibu yenye miguu, imenifuata mpaka nyumbani.

Daktari alituita wote wawili. Alisema ameshangaa. Maabara imekuta fangasi wengi kuliko alivyowahi kuona kwa binadamu aliye hai. Itabidi watutibu sote, na mke wangu arudie vipimo vyake, pamoja na kile cha mirija. Mke wangu alifumba macho. Kile cha mirija nakijua. Siku ile alirudi nyumbani akitembea kwa kushika ukuta.

Hapo ningesema. Nilikuwa karibu kusema! Lakini mlango ukagongwa, akaingia yule mama wa maabara. Alisema ameomba kuitazama tena mwenyewe. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba yale si maradhi. Ni hamira. Tena hamira nzuri.

Mke wangu akanigeukia.

“Kijiko kimoja au viwili?”

Nikasema nusu.

Hakupiga kelele. Tulipotoka nje, pale wanapoegesha pikipiki, ndipo aliposema. Alisema yeye amechomwa sindano mpaka mishipa imejificha. Amelala miguu juu mbele ya watu asiowajua. Amemeza matusi ya mama yangu jikoni kwake mwenyewe. “Wewe umeombwa kikombe, mume wangu. Kikombe tu! Na ukakitia hamira.”

Jioni alifunga begi, akaenda kwa kaka yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimeunguza mikate asubuhi na jioni. Nyumba ni kubwa ghafla. Nimegundua sijui chumvi inakaa wapi.

Mpango: keki. Nani amewahi kuikasirikia keki? Niliandika juu yake NISAMEHE MKE WANGU kwa herufi nzuri za sukari. Nilianza na herufi kubwa mno. Nafasi ikaisha kwenye NISAMEHE MKE WA.

Shemeji ndiye aliyefungua mlango. Akaisoma, akauliza mke wa nani. Watoto watano wakaimaliza tukiwa bado tumesimama.

Mke wangu alitoka uani. Amekonda, au ni macho yangu. Sikuwa na mpango mwingine, nikabaki nimesimama tu na sinia tupu. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia nikionekana mimi ndiye nisiye nazo, atabaki na mimi kwa sababu gani? Mkate anaweza kununua popote.

Akanipokea sinia. Kisha akasema nikapime kama watu wanavyopima, halafu nimwambie mama yangu majibu kwa mdomo wangu, yawe yoyote. Hapo ndipo atakaporudi. Akasema pia chumvi iko kwenye kopo lililoandikwa sukari.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepima. Mbegu tupu, bila kiungo.

Safari hii nilikwenda palepale hospitali. Wana chumba kidogo chenye kiti kimoja na picha ya mlima. Nje ya mlango mfagiaji alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili. Alipofika kiitikio akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu. Nikasema yupo. Akasema nisiwe na haraka. Nani anaweza kazi katika mazingira haya? Lakini nilimfikiria mke wangu, nikaweza.

Mama wa maabara alikiinua kikombe kwenye mwanga. Akasema, “Hii imetulia.” Nadhani alitabasamu. Kesho akija kununua mkate kama kawaida, nitamwongezea mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu. Mke wangu alikuja, akakaa kiti cha pembeni yangu, si cha mbali.

Ninazo! Ni chache, na zinakwenda kama zimetumwa dukani zisikotaka. Daktari alinipima, akasema kuna mishipa imevimba kule chini, hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Tena joto la tanuri halinisaidii. Mbegu hupenda ubaridi kidogo. Nimpe mtu mwingine kazi ya tanuri, nivae nguo zisizobana, nirudi kupima baada ya miezi mitatu. Hakuna ahadi, alisema, lakini mlango haujafungwa. Mke wangu alinishika mkono. Safari hii si kwa kunikamata.

Nilimpigia mama tukiwa bado kwenye ngazi, kabla sijapata mpango.

Nikasema, “Mama, ni mimi.”

Akasema, “Najua ni wewe, jina limetokea.”

Nikasema hapana, mama. Mwenye tatizo. Ni mimi. Siku zote ni mimi.

Nikaitazama simu kama imekatika. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, nimpe mkwewe. Mke wangu aliondoka na simu mpaka dirishani. Sijui waliambiana nini. Alirudi amelia, anatabasamu, na ana njaa.

Leo amelala nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa mimi ni mtu mpya. Kijana mmoja ameshika tanuri, mimi nauza mbele dukani nimevaa suruali pana kama pazia. Mke wangu anaimba akipika. Nimemwapia kwamba sitafanya tena mipango ya siri, na nilimaanisha kila neno.

Ila miezi mitatu ni mingi. Daktari alisema ubaridi kidogo husaidia. Kama kidogo kinasaidia, kingi je?

Muuza barafu wa mtaa wa pili ni mtu mwelewa. Ana chumba cha nyuma chenye mabonge makubwa, na hana tabia ya kuuliza maswali. Nimeanza leo baada ya chakula cha mchana. Nilikaa juu ya bonge moja kwa subira, nikasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo.

Mke wangu asijue. Ameuliza mara mbili kwa nini naandika nikiwa nimesimama.