Mbuzi wa Kona ya Ziwani

Jumatatu, 7 Oktoba

Wamemaliza kupaka rangi ukuta wa mwisho. Kijani! Kwartie yetu, mtaa huu wa bandarini hapa Nchelenge, haitambuliki tena. Mawe ya kukanyagia, taa za jua, vibanda vipya ishirini vya mabati. Wote wanashangilia: Wabemba, sisi Wakongomani, hata yule Mrundi muuza sukari ambaye hashangilii kitu. Mimi nalilia tope.

Ndiyo, tope. Mwaka ule tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Kenani, mimi fundi cherehani na marehemu mke wangu Joëlle tuliweka mashine yetu kwenye kona inayotazama ziwa, miguu ndani ya tope. Asubuhi, anga likiwa safi, tuliona milima ya Kongo ng'ambo. Joëlle alikuwa anashona bila kutazama sindano. Alitazama kule.

Sasa kona ile ni kibanda namba moja. Jumamosi komite itagawa vibanda kwa kura. Kura! Kona ya mke wangu niiachie bahati? Na Emilienne wa mikate naye anaitaka, eti upepo wake unafaa moto. Lazima nitafute njia.

Jumanne, 8 Oktoba

Njia imepatikana. Nina akili kuliko nilivyodhani.

Kalaba, mwenyekiti wa komite, ni wa ukoo wa Chui. Mwezi jana nilimwona mama mmoja wa ukoo wa Mbuzi akimtukana hadharani: kichwa kikubwa, miguu myembamba, na mengine. Kisha akachukua baiskeli ya Kalaba akaondoka nayo. Kalaba alicheka mpaka akakaa chini. Leo nimeuliza, nikaambiwa ndiyo desturi ya huku. Chui na Mbuzi ni watani, wenyewe wanaita bunungwe. Mmoja akichukua kitu cha mwenzake, hakuna kukasirika.

Basi kuanzia leo mimi ni Mbuzi. Nitachukua kibanda, Kalaba atacheka, mambo yameisha.

Binti yangu Gloire amesema, baba, sisi hatuna ukoo huo. Nimemjibu kwamba ukoo unafuata upande wa mama, na bibi yangu mzaa mama alifuga mbuzi sita. Anataka ushahidi gani tena?

Jumatano, 9 Oktoba

Nimejitangaza. Mbele ya watu wote nimemwambia Kalaba kwamba uso wake ni wa kambale aliyekaushwa na mtu mvivu. Watu wote wamegeuka. Kisha amecheka, amenikumbatia, ameuliza kwa nini nilijificha miaka yote hii. Ushindi!

Nimemwambia kibanda namba moja nimekichukua. Amesema vizuri sana, Mbuzi. Halafu akanivua kofia, akaivaa, akaenda zake. Kofia aliyonishonea Joëlle!

Nimetabasamu. Ningefanya nini?

Alhamisi, 10 Oktoba

Kuna jambo sikulifikiria. Chui ndiye anayekula mbuzi.

Adhuhuri Chui watatu wamekaa mezani kwangu bila kukaribishwa, wakamaliza bukari, ugali wangu wote, na samaki. Mmoja ameondoka na redio. Mwingine na kiti, nikiwa bado nimekikalia nusu. Hakuna kukasirika! Taya zinaniuma kwa kutabasamu. Na kuhusu kibanda, Kalaba amenieleza kwa upole kwamba mimi nilikichukua kwake, naye amekichukua tena kwangu, kwa hiyo kura iko palepale.

Emilienne amecheka mpaka mikate yake ikaungua. Hilo limenifariji kidogo.

Jioni habari mbaya: mjomba wa Kalaba, mzee Kabaso, amefariki. Pole yao.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi wamebisha hodi watu wanne. Nilidhani wanarudisha redio. Wameleta jembe.

Kumbe kaburi la Chui linachimbwa na watani wake. Na wanaume wa Mbuzi wote wako Mununga kwa biashara ya samaki! Nimebaki mimi na yule mama wa baiskeli, ambaye kazi yake ni kutukana tu. Jua la Oktoba. Malengelenge mikono yote miwili. Na kuchimba peke yake hakutoshi. Mtani lazima awachekeshe wafiwa, amtanie hata marehemu, ili huzuni isiwalemee.

Nimejaribu. Nimesema mzee Kabaso anatutesa hadi leo, kwa nini alirefuka hivi bila kuwaza wachimbaji. Watu wamecheka. Mjane amecheka, machozi yakimtiririka. Na mimi nikaanza kulia. Kwa sauti, nikiwa ndani ya shimo, jembe mkononi. Tulipomzika Joëlle hatukuwa na ukoo hapa. Watu walisimama, wakaimba, wakaondoka. Hakucheka hata mmoja. Nimemkumbuka vibaya sana leo.

Kalaba ameshuka shimoni akanishika bega.

"Tulijuaka tangu siku ya kwanza, weye hauko Mbuzi," amesema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Lakini siku ya kuzika Joëlle, hakukuwaka hata mutu moya wa kukuchekesha. Nilisikiaka mubaya. Sasa umekuja weye mwenyewe kutafuta bantu. Ningekatala namna gani?"

Kisha amenivalisha kofia yangu. Nimeendelea kuchimba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kura. Karatasi ndani ya ndoo. Emilienne amepata namba moja. Mimi namba kumi na saba, nyuma ya choo!

Nimekwenda konani kuaga. Nimesimama natazama maji. Emilienne amesogeza beseni lake la unga.

"Ikala hapa, papa Evariste. Leta na mashine," amesema. "Siku nilifika na mutoto mugongoni, ni Joëlle alinipatiaka nafasi. Hapa hapa, mu ile matope."

Sikujua. Miaka yote hii sikujua. Nimekaa kando yake. Anga lilikuwa safi na milima ilionekana. Niliona kama naweza kukaa pale hadi uzee, bila kumwonea mtu wivu, bila kupanga lolote tena.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nimehamisha mashine. Nusu ya kibanda, nashukuru sana. Emilienne ana moyo mwema.

Ila moshi ni mwingi. Na mashine ingegeuzwa ikaangalia milima vizuri, kama beseni lisingekuwepo. Na meza ya mikate. Na benchi ya wateja wake.

Kanisani nimemsikia akimwambia mama pasta kwamba kwao Moba, kule Kongo, wao ni ukoo wa Mvua. Nimepita kwa Kalaba, nikamuuliza, kwa kupiga stori tu, watani wa Mvua ni nani. Amesema ni Udongo, kwa sababu mvua inabomoa udongo. Nimeuliza kama Udongo naye anaruhusiwa kuchukua vitu vya Mvua. Amesema anaruhusiwa. Kisha amenitazama kwa muda mrefu.

Bibi yangu mzaa mama, sasa nakumbuka vizuri kabisa, alikuwa anafinyanga vyungu.